Godoro la Simba

Simba alianza kujiuma mwezi wa nne, mvua ya Ngong ikiwa imekolea. Alijitafuna pale mkia unapoanzia hadi manyoya yakaisha. Jirani akasema hicho ni kichaa, amalizwe kabla hajauma mtoto. Mama hakujibu, na mama akinyamaza huwa tayari ameamua.

Mimi nilisema ni upweke. (Ukishinda nyumbani bila masomo wala kazi ya kueleweka, kila kiumbe unakiona kina stress.)

Daktari wa mifugo hakumaliza dakika tano. Alimchana kwa kitana, akakung'uta vumbi jeusi juu ya tishu yenye maji. Likageuka jekundu.

"Hiyo ni damu yake, imepitia kwa kiroboto."

Kumbe Simba ana aleji ya mate ya viroboto. Wachache tu wanatosha kumfanya ajitafune siku nzima.

"Analala wapi?"

Juu ya godoro langu la hosteli, lile nililorudi nalo nilipoacha chuo. Mayai hayashiki kwa manyoya, daktari akanieleza. Yanaanguka pale mbwa analala, na kiroboto akiwa bado kwenye kifukofuko anaweza kungoja miezi. Ukimtibu mbwa na uache malazi, umefanya kazi bure.

Jioni nililiburuta hadi nyuma ya nyumba. Namba ya chumba changu bado ilikuwa pembeni, kwa wino mzito. Mwaka mzima nilikuwa nimemwambia mama nalitunza, huenda nikarudi.

Alitoka jikoni na kiberiti, akanipa.

"Ngoja kwanza nifungie Simba," akasema.