Kabla Hujatia Sahihi

Mpwa wangu mpenzi,

Huku Tanga sote wazima. Goti la mama yako limepata nafuu, na mkazamjomba wako anakusalimu.

Imenifikia habari, tena si kwa kinywa chako, kwamba unakusudia kutia sahihi mkataba wa miaka mitatu na mfanyabiashara wa programu ya kusomeshea mtandaoni, aliyeifurahisha bodi ya shule yako kwa rangi na michoro. Nia yako siilaumu, kwani shule zilipofungwa Machi 2020 kila mwalimu mwenye dhamira aliona haja ya darasa lisilotegemea kuta. Walakini nina swali ninalolitanguliza mbele ya bei na mbele ya uzuri: siku mtakapoachana, masomo, alama na majina ya wanafunzi wako yatatokaje mikononi mwake?

Katika shule niliyokuwa mwalimu wa taaluma, mkuu wangu, ambaye hakuona haja ya kunishauri ilhali kazi ya alama ilikuwa yangu, alinunua programu ya namna hiyo, na walimu wakaamriwa waache madaftari yao na kuingiza humo maswali, mazoezi na alama za mwaka mzima. Ada za wanafunzi zilipochelewa, malipo ya kampuni nayo yakachelewa, na katika wiki ya mtihani wa moko wa Kidato cha Nne mlango ukafungwa: ukiandika neno la siri, kioo kinakujibu kwa mstari mmoja mwekundu. Hata deni lilipolipwa, tulirudishiwa karatasi zilizochapwa tu, na walimu wakakesha wakipekua madaftari ya watoto kutafuta alama walizozitoa wenyewe. Kidato changu kilisalimika, kwa kuwa sikuacha kuandika alama katika kaunta buku, nalo ninalo mpaka leo.

Wala usidhani haya huwafika wanyonge peke yao. WebCT, programu ya kusomeshea iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha British Columbia huko Kanada, ilinunuliwa na mshindani wake Blackboard mwaka 2006, jina lake likatoweka, na vyuo vilivyoizoea vikalazimika kuhama. Ndiyo maana moyo wangu unaelekea Moodle, aliyoianzisha Martin Dougiamas wa Australia na kuitoa mwaka 2002, kwani yeyote ana ruhusa ya kuichukua, na somo zima hufungwa katika faili moja likahamishiwa seva nyingine. Lakini bure yake ni ya kuichukua, si ya kuitunza, na pasipo fundi wako mwenyewe itakulemea. Ikiwa intaneti yenu hukatika, itazame Kolibri, ambayo hukaa katika kompyuta moja ya shule na kusomwa bila mtandao wa nje. Google Classroom ni nyepesi, ila kila kitu hukaa kwa Google yenyewe.

Waulize walimu wako kwanza. Programu yoyote ijaribu kwenye simu ndogo za wazazi. Majina ya watoto ni amana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakubana wewe pia.

Mtake mfanyabiashara huyo akutolee mbele ya macho yako somo moja na alama zake, kisha uzifungue katika kompyuta isiyo yake. Akishindwa, usitie sahihi. Na niletee nakala ya mkataba niusome, kwani katika bodi yako hakuna aliyetunza alama za wanafunzi muda mrefu kuliko mimi.

Nasubiri jibu lako.

Mjomba wako