Chipu Nane za Juu

Siku hizi kompyuta ikiletwa karakana kwangu hapa Mombasa, ikiwa inazimika ovyo au inapiga milio bila kuonyesha kitu, vijana wangu huanza na jambo lile lile: wanafungua kifuniko, wanachomoa memori, wanasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, wanairudisha na kuwasha tena. Mara nyingi hiyo inatosha, maana hewa ya pwani yenye chumvi na unyevu haina huruma na shaba. Isipotosha, memori nzima inatolewa, inatiwa nyingine, mteja analipa, kazi imekwisha. Hakuna anayeuliza ndani ya kile kipande ni chipu ipi iliyokufa. Mimi nilijifunza kazi hii wakati swali hilo ndilo lililomlipa fundi.

Nilifika Leicester, Uingereza, mwaka 1986 kusomea elektroniki. Mji ule ulikuwa na Wahindi wengi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, pamoja na wengine waliotoka Kenya na Tanzania, kwa hiyo Kiswahili nilikisikia madukani kabla sikio langu halijazoea Kiingereza cha huko. Jumamosi nilikuwa nasaidia katika duka dogo la kutengeneza redio, televisheni na kompyuta za nyumbani. Mwenye duka alikuwa Mgujarati mzaliwa wa Kampala, mtu wa maneno machache, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Nilimwita Mzee. Yeye aliniita kijana mpaka siku niliyomuaga.

Kompyuta iliyotujazia meza ilikuwa ZX Spectrum ya Sinclair. Ilitoka mwezi Aprili 1982. Yenye memori ya kilobaiti 16 iliuzwa pauni 125, na ya kilobaiti 48 pauni 175. Ilikuwa na vitufe vya mpira, ikaunganishwa na televisheni ya sebuleni, na programu zake zilipakiwa kutoka kwenye kaseti ya kawaida ya muziki. Kufikia wakati ninaousimulia, Sinclair alikuwa ameshaiuzia Amstrad biashara yake ya kompyuta, na zile mashine za mwanzo zilikuwa zimechezewa mpaka zimechoka. Wateja walikuwa watoto waliosindikizwa na mama zao. Lalamiko lilikuwa mojawapo ya mawili: haiwaki, au inakufa katikati ya mchezo.

Ukiifungua ile ya kilobaiti 48 unakuta memori imepangwa makundi mawili. Kundi la chini ni chipu nane za aina ya 4116, ambazo kwa pamoja zinatoa kilobaiti 16, na humo ndimo picha ya skrini inamokaa. Kundi la juu ni chipu nane nyingine, za kilobaiti 32 zilizobaki. Katika kila kundi baiti moja imegawanywa kwa chipu zote nane: hii inashika biti ya kwanza, ile ya pili, mpaka ya nane. Chipu moja ikiharibika, namba nyingi zinazopita hapo zinakosewa, lakini zinakosewa mahali pale pale. Kwa hiyo ubovu una anwani, na anayejua kuhesabu anaweza kuufikia bila kubahatisha.

Kundi la juu lilikuwa na siri iliyonishangaza. Ili kupunguza gharama, Sinclair alinunua chipu za kilobiti 64 ambazo nusu yake ilikuwa imeshindwa majaribio kiwandani. Nusu nzima ikatumika, nusu mbovu ikaachwa. Ubaoni kulikuwa na kiunganishi kidogo cha waya cha kuonyesha nusu gani isomwe, na zote nane zilipaswa kuwa za upande mmoja. Maelfu ya watoto wa Uingereza walijifunza kuandika programu juu ya chipu ambazo viwanda vingine visingezitaka.

Mafundi wengi wa mjini walikuwa na dawa moja ya memori: toa zote nane, weka mpya. Kila chipu ina miguu 16 iliyolehemiwa moja kwa moja ubaoni, kwa hiyo hapo unafumua viungo 128, na ubao ule ulikuwa mwepesi. Ukizidisha moto kidogo, njia ya shaba inabanduka na kukunjamana. Mashine inatoka na chipu nzima na ubao uliokufa. Mzee hakutaka kuona kitu kama hicho dukani kwake. Aliyeishika pasi ya kulehemu kabla ya mita aliulizwa, kwa Kiswahili, hata kama hakijui: "Wewe fundi au mpiga ramli?"

Utaratibu wake ulianza na umeme. Chipu za 4116 zilihitaji volti tatu tofauti: 5 chanya, 12 chanya na 5 hasi. Spectrum ililetewa volti 9 tu kutoka kwenye adapta, 12 chanya na 5 hasi ikajitengenezea ndani kwa koili ndogo na transista mbili. Mashine haikuwa na swichi ya kuzimia. Mtoto aliyetaka kuchomeka kijiti cha kuchezea alikichomeka nyuma huku umeme ukipita, kikikaa upande kidogo pini zinagusana, transista inaungua, na ile 5 hasi inapotea. Chipu ya 4116 ikipewa 12 bila kupata 5 hasi, haikawii kufa. Ndiyo maana walioweka chipu mpya bila kupima walirudi kununua nyingine. Mzee aliweka ncha ya mita kwenye mguu wa kwanza, kisha wa nane, kisha wa tisa, akataja kila namba kwa sauti kabla ya kusogea. Mguu wa kwanza ukionyesha sifuri, memori haiguswi mpaka transista zile zibadilishwe.

Umeme ukiwa sawa, anatazama skrini. Spectrum ikiwashwa hujipima: huandika namba 2 katika kila baiti ya memori kuanzia juu kushuka chini. Kwa kuwa skrini nayo imo ndani ya memori, kwa muda mfupi sana televisheni hugeuka nyeusi yenye mistari myembamba myekundu iliyosimama. Namba 2 katika sehemu ya rangi maana yake ni wino mwekundu juu ya karatasi nyeusi, na katika sehemu ya picha inawasha nukta moja katika kila nane. Chipu ya kundi la chini ikiwa mbovu, mistari inaongezeka, inapungua, au inakuja na rangi isiyoalikwa. Mteja alikuwa anaona takataka. Mzee alihesabu nafasi ya mstari uliozidi ndani ya zile nukta nane, akaweka alama ya penseli juu ya chipu.

Kundi la juu halionekani kwenye skrini, lina swali lake. Unaandika PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733, na kompyuta inakutajia anwani ya mwisho ya memori iliyoikubali. Jibu la 65535 ni kilobaiti 48 kamili. Jibu la 32767 ni kwamba kundi lote la juu limekataliwa, na mashine iliyonunuliwa kwa pauni 175 imekuwa ile ya pauni 125 bila mwenyewe kujua. Namba ya katikati ya hizo mbili inakuonyesha ilipogonga ukuta.

Lakini kuna mashine iliyotuletea jibu la 65535, kamili, na bado ilikuwa inaganda kila mchezo mkubwa ulipomaliza kupakiwa. Mama wa mtoto alikuwa ameshanunua kinasa sauti kingine, akidhani kosa ni la kaseti. Hapo ndipo Mzee alinieleza jambo ambalo limenilisha mpaka leo. Kile kipimo cha kuwashia huandika 2, kisha kinapunguza moja iwe 1, kisha kinapunguza tena iwe 0. Ikifika sifuri pale inapotakiwa, baiti imepita. Sasa andika namba hizo kwa biti: zinatumia nafasi mbili za mwisho tu. Zile sita za juu yake haziambiwi hata mara moja zishike moja. Seli iliyokufa ikabaki sifuri katika nafasi hizo sita inapita mtihani vizuri kabisa, kwa sababu sifuri ndiyo iliyoulizwa.

Akaandika programu ya mistari michache. Kwanza aliisukuma kazi yote ya kompyuta ishuke kundi la chini kwa amri ya CLEAR, ili kundi la juu libaki tupu. Kisha, anwani kwa anwani, akaijaza kila baiti 255, yaani biti zote nane zikiwa moja, akaisoma tena, na isiporudi 255 iandikwe kwenye skrini. BASIC ya Spectrum haina haraka, tukanywa chai. Tuliporudi kulikuwa na safu ya anwani, na mbele ya kila moja namba ile ile: 127. Mzee akatoa: 255 kasoro 127 ni 128. Pengo la 128 ni biti ya nane, na biti ya nane ina chipu yake moja. Saba nyingine hazikuwa na kosa lolote.

Alikata miguu yake kwa koleo ndogo karibu na mwili wa chipu, akauondoa mwili, kisha akachomoa kipande kimoja kimoja cha mguu kwa kibano, pasi ikigusa kwa sekunde moja na kuondoka. Matundu yakasafishwa, soketi ikalehemiwa, akatia chipu nzima ya kilobiti 64, ambayo haina haja ya kuulizwa ni ya nusu ipi, maana zote mbili ziko hai. Programu ikazungushwa tena, skrini ikabaki tupu.

Niliporudi Mombasa miaka ya tisini, kazi ilikuwa imeshabadilika. Memori ilikuja kwenye vipande vya kuchomeka, kwanza vya miguu 30, halafu vya 72. Zana zilikuwa bora kuliko za Mzee: mwaka 1994 Chris Brady alitoa programu ya Memtest86, ambayo huipitisha memori katika namba za kila aina na kukutajia anwani na biti iliyokosea. Ajabu ni kwamba ujuzi huo haukuwa na pa kwenda. Ukijua ni biti ipi, bado unatoa kipande kizima, kwa kuwa kipande kipya kiliendelea kushuka bei mpaka kikawa rahisi kuliko saa ya fundi. Leo laptopu nyingi zina memori iliyolehemiwa ubaoni, na katika simu mara nyingi imebebwa juu ya prosesa yenyewe. Ikiharibika, wengi wanabadilisha ubao wote. Nao wapenzi wa Spectrum wana vifaa ambavyo Mzee angevifurahia: ROM ya kupimia inayochomekwa nyuma na kutaja chipu mbovu hata kama memori yote ya chini imekufa, na vibao vidogo vinavyoketi mahali pa 4116 vikitaka volti 5 peke yake.

Sijawahi kuwafundisha vijana wangu kuhesabu mistari myekundu. Nawafundisha kuuliza kipimo kimepima nini. Majuzi mwalimu mmoja alituletea laptopu inayoganda akifungua faili kubwa za matokeo. Duka alikotoka lilimbadilishia diski na kumwekea Windows upya, ikaendelea kuganda. Kijana mmoja akataka kuirudisha, kwa sababu ikiwashwa inajisomea gigabaiti 8 bila malalamiko. Mwenzake akamjibu, "Hiyo ni hesabu tu, haijaonja kila mahali." Akaiacha usiku kucha ikipimwa. Asubuhi kulikuwa na makosa, yote katika sehemu moja. Akatoa kipande kimoja, akapima kilichobaki, akavibadilisha nafasi ili ajue kama ubovu ni wa kipande au wa soketi. Ulikuwa wa kipande.

Mwalimu alilipia gigabaiti 4 na kazi ya usiku mmoja. Aliuliza kuhusu ile diski ya kwanza, kama inawezekana nayo haikuwa mbovu. Tukamwambia inawezekana sana, aende akaidai.