Kyoto, Mji Unaotunzwa kwa Mikono

Anayetaka kuijua Kyoto aamke mapema. Kabla maduka hayajafunguliwa, kwenye vichochoro vya nyumba za mbao ziitwazo machiya, wenyeji hutoka na ufagio na ndoo. Hufagia mbele ya mlango, kisha hunyunyiza maji kwa kata ili vumbi litulie na mgeni apokewe na ubaridi. Adabu yao ni kufagia kwako na kuvuka kidogo tu upande wa jirani. Ukikomea mpakani, utaonekana humjali. Ukifagia kwake kote, utamwachia deni. Falsafa ya Kijapani inayojaza vitabu inaishi humo, katika kazi ya kila siku inayofanywa kwa uangalifu.

Mji huu ulifanywa makao ya mfalme mwaka 794, ukabaki hivyo kwa zaidi ya miaka 1,000. Mahekalu yake ni mengi, lakini Ryoan-ji, lililoanzishwa mwaka 1450, lina bustani isiyo na maua wala bwawa: kokoto nyeupe zilizochorwa mistari kwa reki, na mawe 15. Popote utakapokaa barazani, angalau jiwe moja hujificha nyuma ya mengine. Watu huhama huku na huko wakihesabu, mwishowe huketi na kuridhika na yanayoonekana. Ukuta wa udongo uliozunguka bustani umeingia madoa kwa miaka mingi, na hakuna anayeyapaka rangi. Uzuri huo wa vitu vikongwe na vya kawaida ndio wabi-sabi.

Aliyeupa heshima kubwa ni Sen no Rikyu, bingwa wa chai aliyefariki mwaka 1591. Chumba chake cha Tai-an, huko Yamazaki kusini-magharibi mwa mji, kina ukubwa wa mikeka miwili ya tatami. Mlango wa wageni ni mdogo mno. Awe tajiri au mpiganaji, kila mtu huinama na kujivuta kwa magoti, upanga ukibaki nje. Mabakuli aliyoyapenda yalifinyangwa na fundi Chojiro kwa mikono mitupu, bila gurudumu. Ukoo wa Raku, unaomhesabu fundi huyo kuwa wa kwanza wake, ungali unafinyanga Kyoto.

Bakuli la namna hiyo likivunjika, halitupwi. Fundi wa kintsugi huunga vipande kwa utomvu wa mti wa urushi, ambao hukauka polepole penye unyevunyevu, kisha hunyunyizia unga wa dhahabu juu ya mshono. Kazi huchukua majuma. Ufa hubaki wazi, uking'aa, na chombo hurudi mezani kikiwa na historia yake.

Uangalifu huohuo umeingia hata katika sheria. Mwaka 2007 jiji lilishusha kikomo cha urefu wa majengo ya katikati ya mji kutoka mita 45 hadi 31, na kupiga marufuku mabango ya juu ya paa. Milima inaendelea kuonekana, na kila tarehe 16 Agosti mioto mikubwa huwashwa kwenye miteremko yake kuziaga roho za wazee waliotangulia. Mji uliokubali kupunguza maghorofa ili watu wake wasikose kuiona mioto hiyo unastahili sifa, na unastahili kutembelewa bila haraka.