Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu methali hii hutajwa kwa wepesi, pale mgeni anapobisha hodi, kuku akachinjwa, na watoto wa nyumbani wakapata kitoweo ambacho wasingekipata siku hiyo. Hata hivyo, wapo wageni ambao ujio wao hugusa jeraha badala ya njaa. Miongoni mwao ni vijana wa Ufilipino ambao, kuanzia mwaka 1974, wamepanda meli ya vijana wa Asia ya Kusini-Mashariki, katika mpango unaoendeshwa na serikali ya Japani kwa ushirikiano na mataifa ya eneo hilo.

Ufilipino ni taifa la visiwa zaidi ya 7,000. Huko meli si kitu cha kustaajabisha. Kwa familia nyingi meli ni kazi: baba au kaka yuko baharini miezi mingi akitumika katika meli za mizigo au za watalii, na fedha anazotuma ndizo karo na ndizo paa la nyumba. Kijana anayeteuliwa kwenda katika msafara huu, akiwa na umri wa kati ya miaka 18 na 30, huingia melini kwa wadhifa tofauti. Haendi kuajiriwa, bali huenda akiwa uso wa taifa lake. Hufunzwa tinikling, ngoma ambayo wachezaji huruka baina ya mianzi miwili inayogonganishwa, wakimwigiza ndege wa mashamba ya mpunga. Huvaa barong, shati jepesi ambalo lililo bora zaidi hufumwa kwa nyuzi za majani ya mnanasi. Ngoma na vazi hujifunzika upesi. Historia ndiyo mzigo mzito.

Ikumbukwe kwamba mpango huu haukuzaliwa katika raha. Mnamo Januari 1974, Waziri Mkuu wa Japani, Kakuei Tanaka, alizuru Ufilipino, Thailand, Singapore, Malaysia na Indonesia. Mjini Bangkok alilakiwa na maandamano ya wanafunzi. Mjini Jakarta kulizuka ghasia zilizosababisha vifo. Wengi walihisi kwamba Japani, iliyokuwa imewavamia kwa bunduki miongo mitatu awali, sasa ilikuwa inawavamia kwa bidhaa na mitaji. Taarifa za pamoja zilizotolewa na Japani na nchi hizo tano mwezi huo ndizo zilizozaa safari ya vijana. Baadaye Brunei, Vietnam, Laos, Myanmar na Kambodia nazo zilijiunga.

Kwa Mfilipino, neno "uvamizi" halikuwa tashbihi. Majeshi ya Japani yaliingia Manila Januari 1942. Vita vya kuukomboa mji huo, Februari hadi Machi 1945, viliangamiza raia wapatao 100,000, wengine wakiuawa na askari wa Japani, wengine wakifa chini ya mizinga ya Marekani. Makubaliano ya fidia yalitiwa saini mwaka 1956, lakini karatasi haifuti kumbukumbu. Desemba 2017, sanamu ya mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni ilisimamishwa kando ya ghuba ya Manila kuwakumbuka wanawake waliotumikishwa kingono na askari hao. Aprili 2018 sanamu hiyo iliondolewa, na manung'uniko yakabaki. Nyanya, ambaye kwa Kitagalog huitwa lola, angali na mengi ambayo hajayasema.

Mchukue basi kijana mmoja wa aina hii, asiye na jina hapa kwa kuwa ni wengi. Anapoaga nyumbani, lola anamuuliza swali moja tu: "Utalala kwao?" Naam, atalala kwao, maana sehemu ya safari ni kukaa siku chache na familia mwenyeji. Kijana hana jibu la swali lililojificha ndani ya swali hilo. Anaubusu mkono wa bibi yake na kuondoka.

Melini anapata ndugu ambao hakuwatarajia. Anapohesabu kwa Kitagalog na kufika tano, anasema "lima", na mwenzake wa Malaysia anacheka, kwani hata kwao tano ni "lima". Jicho ni "mata" kwa wote wawili, mtoto ni "anak", mbingu ni "langit". Lugha zao ni za ukoo mmoja, ukoo ambao matawi yake yamevuka Bahari ya Hindi hadi kisiwani Madagaska, jirani wa pwani yetu, ambako mbingu huitwa "lanitra". Ni mithili ya Mgikuyu anayesema "andũ" na Mswahili anayesema "watu", kila mmoja akagundua kuwa nyumba ya babu ni moja.

Lakini kwa Mjapani hakuna neno la kukopesha undugu. Mlango wa familia mwenyeji unapofunguliwa, wanakutana watu wasioelewana ila kwa Kiingereza cha kubahatisha na ishara za mikono. Mzee wa nyumba anainama kwa heshima. Kijana, bila kufikiri, anafanya alivyofunzwa utotoni: anaupokea mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso wake. Hiyo ndiyo mano, shikamoo ya Wafilipino. Mzee anaduwaa, kisha macho yanamlengalenga. Hakuna aliyetaja mwaka 1945. Hakuna aliyeusahau.

Wapo watakaosema kwamba huu ni usahaulifu uliopambwa kwa ngoma na zawadi, na kwamba serikali hupenda urafiki wa vijana kwa sababu ni rahisi kuliko haki ya wazee. Hoja hiyo ina uzito. Mkono uliogusa paji la uso haulipi deni la mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni. Hata hivyo, ni vigumu kudai haki kwa mtu uliyemfanya jini katika hadithi. Anayemjua jirani yake kwa sura humdai kwa sauti iliyo wazi zaidi, naye jirani husikia kwa aibu iliyo kubwa zaidi.

Kijana anaporejea nyumbani, analeta pasalubong, zawadi ya safari ambayo Mfilipino hasahau kuwaletea wa nyumbani. Lola anaufungua mfuko, anatazama vitamu vilivyofungwa kwa karatasi nzuri, kisha anauliza kama mzee yule bado ana afya. Halafu, kwa mara ya kwanza, anaanza kusimulia habari za mwaka ule. Mgeni alikwenda kwa wenyeji, na donda lililokuwa limefunikwa nyumbani kwake mwenyewe ndilo likaanza kupata hewa.