Mwalimu wa Falsafa Aliyenunua Kompyuta Badala ya Mabati

Karatu ya mwaka 1998 haikuwa hii mnayoipostia picha mkiwa njiani kwenda kreta. Lami ilikuwa haijafika, vumbi jekundu lilikuwa linaingia mpaka kwenye chai, na mtu akisema ana kompyuta nyumbani aliangaliwa mara mbili. Sasa huyu mwalimu, jina liachwe maana wajukuu zake wamo humu mitandaoni, akashuka Arusha na hela za mabati, akarudi na kompyuta. Tena mtumba. Monita ina kisogo kama televisheni ya zamani, kaipakata kwenye basi njia nzima kama mtoto mgonjwa.

Mkewe hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Baba, hiyo nayo inazuia mvua?"

Kiukweli swali lilikuwa na haki yake. Nyumba ilikuwa inavuja, na umeme kwake ulikuwa haujafika. Ilibidi wavute waya kutoka kwenye jenereta ya jirani, masaa matatu tu jioni, hela ya dizeli juu yao.

Ila ukimjua mtu mwenyewe unaelewa. Alisoma falsafa seminari, wito ukagoma, akaoa, akaendelea kufundisha mantiki. Miaka kumi na kitu alikuwa anawaandikia wanafunzi ubaoni: kila binadamu atakufa, Sokrate ni binadamu, kwa hiyo Sokrate atakufa. Wanafunzi wanasinzia. Halafu akasoma mahali kwamba mwaka 1854 Mwingereza George Boole aliigeuza mantiki kuwa hesabu ya moja na sifuri, na mwaka 1937 kijana wa Kimarekani, Claude Shannon, akaonyesha kwamba hesabu hiyo hiyo inaweza kufanywa na swichi za umeme. Yaani lile somo la usingizi ndo limo ndani ya boksi! Tangu siku hiyo hakukalika naye. Harusini kompyuta, msibani kompyuta, kilabuni kompyuta.

Na kumbuka yeye ni wa kizazi gani. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza bila kibali. Yeye wakati huo kijana wa sekondari. Kwa hiyo hii mashine kwake ilikuwa kama tunda la bustanini. Hata jina lilikuwa linamkera. Wataalamu wa lugha waliwahi kuleta "ngamizi", yeye akasema hilo linasikika kama kuangamiza, nani ataingiza kitu hicho ndani kwake? "Tarakilishi" alilikubali nusu nusu, maana linabeba tarakimu tu na kuacha maneno. Mwisho alisema kompyuta, kama wote.

Mara moja aliwapandisha wanafunzi Ngorongoro mpaka Oldupai, pale ambapo Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Wenzao wanashangaa fuvu, yeye kawaonyesha mawe yaliyochongwa, ya karibu miaka milioni mbili. Akauliza: aliyechonga hili alikuwa anafikiri kwanza ndo akachonga, au kuchonga ndiko kulikomfundisha kufikiri? Mmoja wa wale vijana leo ni dereva wa watalii. Anasema swali hilo anawauliza wageni mpaka kesho, na tip inaongezeka.

Aliyetoa hela kwenye ile kompyuta, lakini, ni mama. Mwalimu alimfundisha kuchapa, na madereva wakaanza kuja kuandikiwa sivii, vikundi vikaleta katiba, vijana barua za kuomba kazi kwenye mahoteli. Miaka miwili, mabati yakapanda. Mzee anapenda kusimulia hiyo kama ushindi wake. Si wake.

Cha kwake kilikuwa kingine. Jioni, masaa yake matatu, alikuwa anachapa maneno ya mama yake mzazi. Bibi hakujua kusoma, alikuwa anaongea Kiiraqw kile cha ndani, anaeleza kuhusu Looaa, Mungu ambaye kwa Wairaqw ni mama na ni jua, na kuhusu roho za ardhini zinazokaa kwenye maji. Mwalimu akawa anamuuliza maswali ya darasani, bibi anamjibu huku anachambua maharage. Kila kitu kikaingia kwenye flopi. Flopi moja ni megabaiti 1.44, picha moja ya simu yako haienei humo.

Bibi akafariki. Kompyuta nayo ikafa, panya walimaliza waya. Flopi zikabaki kwenye kopo la biskuti miaka zaidi ya ishirini.

Juzi juzi kijana mmoja wa mjini, mjukuu, kaja na laptop na kile kisomeo cha flopi cha kuchomeka. Flopi kumi na moja, zikafunguka nne. Ya bibi ilikuwemo, ila nusu. Maneno yanakatika katikati ya sentensi, pale pale anapoanza kueleza kwa nini Looaa hakasiriki.

Kijana, kwa nia njema kabisa, akasema: babu, siku hizi kuna AI, tunaipa hizi kurasa inamalizia yenyewe, huwezi kujua tofauti.

Mzee, yule yule wa kompyuta mpaka msibani, akakaa kimya muda. Akasema, "Itaandika kinachofanana na mama yangu. Mimi nitajua tofauti."

Zikaprintiwa kurasa ishirini na tatu, pale stendi. Ya mwisho ina mistari minne tu, kuanzia hapo ni nyeupe. Mkewe kaziweka kwenye sanduku moja na hati ya shamba, na mzee ameshaanza kuulizia bei ya laptop.