Kwa Mpwa Wangu Aliyepewa Filimbi

Greyville, Durban
Jumapili usiku

Mpwa wangu mpenzi,

Huku sote wazima. Bibi yako kule Tanga bado magoti yanamsumbua, na kila akipiga simu anauliza kama huko ulikopelekwa mnapewa chai. Mama yako hajambo, ingawa mimi naye hatuzungumzi sana tangu Julai. Dada yako amehamia chumbani kwako. Usikasirike, vitu vyako viko salama chini ya kitanda.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu mmenyang'anywa, na naandika usiku kwa sababu jambo lenyewe limeninyima usingizi. Juzi aliingia dukani mama mmoja anayeuza matunda kule Warwick, ameleta suruali ya mwanawe nipunguze kiuno. Ni suruali ya kijani, sare ya hapo hapo ulipo wewe. Mtoto ana miaka kumi na mitatu, alikuwa amekuja nyumbani mapumziko ya mwisho wa wiki. Nikaipima: inchi mbili za kutoa, na kitambaa bado kipya. Nilipoigeuza nikaona magoti. Yamelika mpaka nyuzi zinahesabika, na ndani ya pindo kulikuwa na chembe za kokoto.

Nimeshona suruali za wanafunzi tangu hujazaliwa. Suruali ya mtoto anayecheza mpira huchakaa goti moja kabla ya jingine, tena huwa na madoa ya majani. Hii ilikuwa imelika magoti yote mawili, sawasawa. Nikamuuliza mama mtu kulikoni. Akasema mtoto hupigishwa magoti kwenye kokoto na kiongozi wa bweni, usiku, wenzake wakishalala. Kiongozi mwenyewe si mwalimu, akasema, ni kijana tu, mrefu, Mtanzania, ana filimbi shingoni.

Niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta pini. Sikumwambia wewe ni nani kwangu.

Uvumi nauogopa, na nimeona familia zikivunjika kwa maneno ya watu. Mama yule anaweza kuwa amekosea, na Watanzania warefu wako wengi Durban hii. Lakini filimbi ulinieleza mwenyewe kwenye barua yako ya mwezi uliopita, kwa furaha, ukaichora mpaka kamba yake. Na kitambaa hakina sababu ya kunidanganya.

Siandiki kukutetea kwa yale yaliyokupeleka huko. Ulikuwa ukiondoka asubuhi na begi la shule, unaishia kukaa karibu na uwanja wa farasi, robo ya bunny chow mkononi, macho kwenye simu unabeti. Nauli ya teksi ya wiki nzima uliiweka juu ya farasi siku ya Durban July, Jumamosi ile ambayo mjomba wako alikuwa hajalala siku kadhaa kwa kushona nguo za watu wanaokwenda kupigwa picha. Mbio zile zinakimbiwa tangu 1897, na sijamwona mtaani kwetu mtu aliyejenga nyumba kwa fedha yake. Hilo tulishalisema, silirudii.

Ila mama yako aliponiletea habari kwamba umepata nafasi kwenye kambi ya nidhamu, aliniletea kama anavyomletea jirani. Karo imeshalipwa, buti zimeshanunuliwa. Zamani mtoto hakuhamishwa nyumba bila mjomba kuulizwa. Baba yako, ambaye suti yake ya harusi niliishona mimi na ambayo mpaka leo sijalipwa, alisema eti jeshi litakutengeneza. Nilinyamaza. Nakwambia sasa kwa kuwa umekua.

Wala usidhani nachukia jeshi. Ulipokuwa mdogo tukipita DLI Avenue ulikuwa ukinivuta mkono nikueleze hizo herufi ni za nini, nami nikikueleza habari za Durban Light Infantry, kikosi cha tangu 1854, unatembea kikakamavu mpaka tunafika nyumbani. Nilipenda. Mimi mwenyewe nilipomaliza kidato cha sita, katikati ya miaka ya themanini, nilikwenda JKT kwa mujibu wa sheria. Jeshi la Kujenga Taifa lilianza Julai 1963, na hadi zamu yetu inafika walikuwa wameshazoea kupokea watoto wa shule wenye viganja laini. Mujibu ilisimamishwa 1994, ikarejeshwa 2013, na nikiwasikia vijana wa sasa wanalalamika nacheka kimoyomoyo. Sisi tulilima. Nilirudi Tanga nimekonda, mweusi kama chungu, mama akalia, nami nikajiona mwanamume kamili. Kwata ninaipiga mpaka leo, muulize mama yako.

Kambi yetu siitaji jina, maana wenzangu wa wakati ule wapo na wana wajukuu. Katika hanga letu aliteuliwa kuruta mmoja awe kiongozi. Alikuwa mtoto wa mwalimu, mpole wa kupindukia, mwandiko wake mzuri mpaka ndiye aliyekuwa akituandikia barua za wachumba. Afande akamvisha filimbi. Siku za mwanzo aliipuliza kwa haya, unaona kabisa anatuonea huruma. Baadaye akaanza kuipuliza kabla ya saa yenyewe. Halafu akakata fimbo. Hakuna aliyemwambia akate fimbo.

Alikuwepo mwenzetu kutoka Newala, mfupi, mcheshi, hodari wa kuanzisha nyimbo za mchakamchaka. Asubuhi moja hakuamka. Giza bado totoro, sisi tunafunga kamba za buti, yeye amejifunika blanketi mpaka utosini na meno yanagongana. Kiongozi wetu akasema anatega. Akamtoa nje, akamrusha kichura kuzunguka mlingoti wa bendera, kisha akamtwisha ndoo ya maji asimame nayo mpaka jua litoke. Sisi tulikimbia, tukarudi, tukamkuta bado amesimama, maji yanamwagika kwa kutetemeka. Saa nne, kwenye fatiki ya kuni, akaanguka na macho yakageuka.

Sajini wa kombania yetu alikuwa mtu wa makamo mwenye kitambi, mkali, tulimwogopa kuliko nyoka wa pale porini. Alimbeba yule kijana mgongoni mwake mwenyewe, akakimbia naye hadi zahanati. Aliporudi shati lilikuwa limelowa matapishi. Hakupiga kelele. Alimwita kiongozi wetu mbele ya kombania nzima, akaivua ile filimbi shingoni mwake taratibu, akamwambia: "Mimi nikimwadhibu mtu leo, kesho namjibu meja. Wewe ulikuwa unamjibu nani?"

Ilikuwa malaria imepanda kichwani. Mwenzetu wa Newala alipona, lakini sikio moja halikusikia tena, na nyimbo hakuanzisha tena. Miaka mingi baadaye nilikutana na yule kiongozi wetu Kariakoo, mtu mzima mwenye heshima yake. Tukanywa kahawa. Alikumbuka yote, wali wa Jumapili, jina la mpishi, hata mashairi ya mchakamchaka. Habari za yule wa Newala hazikutoka mdomoni mwake, na nilimwona anavyozizunguka.

Sasa wewe. Nakufahamu, si mkatili. Ulikuwa ukinisaidia kutia vifungo, na ukichoma kidole unamwomba radhi mteja kwa tone la damu lisiloonekana. Hicho ndicho kinachonitisha. Yule wa hanga letu naye alikuwa mtu mwema. Jeshi la kweli lina ngazi: anayetoa adhabu ana wa juu yake, kuna kitabu kinachoandikwa, kuna daktari anayeweza kumwambia meja hapana. Hizi kambi za kulipia zinachukua buti, kwata na kelele za jeshi, halafu zinaacha kile kitabu. Wakubwa wanalala, na watoto wanawekwa juu ya watoto. Anayepewa filimbi pale anaogopa jambo moja tu, kunyang'anywa, kwa hiyo kila siku inabidi aonyeshe kwamba anastahili.

Na usidhani natia chumvi. Mwaka 2011, karibu na Vereeniging, kijana wa miaka 15 aliyepelekwa na wazazi wake kwenye kambi ya kumfanya mwanamume alifariki dunia baada ya kuteswa humo. Aliyekuwa akiiendesha alitiwa hatiani kwa mauaji na kufungwa. Mahakamani alisimama kijana aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, akaeleza aliyoyaona. Nilisoma kesi ile gazetini huku nina suruali ya mteja mapajani. Wewe nawe, mpwa wangu, unalala chumba kimoja na watoto wa watu.

Tena sheria ya nchi hii unaijua kuliko mimi, umeisoma shuleni. Sheria ya Shule ya 1996 ilipiga marufuku adhabu ya mwili, na 2019 Mahakama ya Katiba ikawaondolea hata wazazi kinga ya kumchapa mtoto nyumbani na kuiita malezi. Kwetu Tanzania mwalimu bado anaruhusiwa kushika bakora, na sitaki kukudanganya kwamba mimi sikuchapwa. Lakini huko uliko, mwenye filimbi anayempigisha mwenzake magoti kwenye kokoto anaweza kuitwa polisi, na umri wake hautamfichia jina mtaani.

Nidhamu ipo nyingine, tena jirani tu na sisi. Kule Summerveld kuna chuo cha majoki, kilichoanzishwa 1958, kinachukua vijana wa umri wako. Wanaamka alfajiri, wanasafisha mazizi, wanapimwa uzito, wanakatazwa vyakula ambavyo wewe huwezi kulala bila kuvila. Ni kugumu. Lakini kijana wa kule akiulizwa kwa nini anasugua farasi gizani, ana jibu: farasi asiposuguliwa vizuri ataumia, na joki ataanguka naye. Muulize aliyekupa filimbi, kokoto ile ni ya kumfundisha mtoto nini. Kama ana jibu, niandikie, nitalisoma kwa makini.

Mzee mmoja ninayeswali naye, wa jamii ya Wazanzibari wa Chatsworth, nilimdokezea habari hii bila kukutaja. Unajua hao wahenga wao walishushwa bandarini hapa kuanzia 1873, watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza yule mtoto wa kokoto anaitwa nani. Sikuwa na jibu. Na mama yake nilikuwa naye dukani nusu saa nzima.

Mengine ni mafupi. Soksi zikauke kabla ya kuvaa buti. Usiazimishe wembe. Sala usiiache hata kama mko wachache. Kizulu chako kisipotee, kitakulisha. Kubeti, hata kwa vifungo vya shati, acha. Mwandikie mama yako, usiniachie mimi kazi ya kumweleza kila kitu, maana ataona namsema.

Turudi kwenye filimbi. Sikuambii uivunje, wala ujifanye shujaa wa kuitupa mbele ya watu wapate cha kuzungumza. Nenda kwa mlezi wenu mchana, si usiku, umwambie huwezi kusimamia adhabu, akupe kazi nyingine: jiko, ghala, kufundisha wadogo hesabu ambazo nakumbuka unaziweza ukiamua. Akikuvua cheo, avue. Bibi yako hajui una cheo, atakupenda vilevile. Na kama mtoto yeyote bwenini anaumwa, wa miaka kumi na mitatu au wa ishirini, usiwe wewe wa kuamua kama anatega. Mpeleke kwa muuguzi, muuguzi aamue.

Kisha kaa na yule mtoto. Usimpe hotuba. Mwombe radhi kwa jina lake, na jina hilo uniandikie, nataka nimwambie mzee wangu msikitini, nataka pia nijue namwekea nani viraka. Mama yake nimemwambia suruali itachukua wiki, kumbe kazi ni ya saa moja. Nataka ikirudi kwake irudi na habari.

Siku ya wageni nitakuja na mama yako, kama atakubali kukaa teksi moja na mimi. Kabla ya hapo wakikukatalia, au wakikugeuzia wewe adhabu, waombe simu yao unipigie. Namba yangu unaijua kichwani. Wakikunyima hiyo pia, tafuta simu yoyote upige 116. Ni namba ya kusaidia watoto nchini humu na haina malipo, kwako na kwa yule mdogo.

Mjomba wako