Onyo Tuliloagiza Lipuuzwe



Kwa muda wa siku 9 kila aliyefungua tovuti ya chama chetu alikutana kwanza na onyo: muunganisho huu si salama, huenda kuna anayetaka kuiba habari zako. Ndicho kipindi mlichokuwa mkijiandikisha kwa mafungo, wengine kutoka Kipushi na Likasi, mkiweka majina na namba zenu za simu. Sisi tuliokabidhiwa tovuti hiyo, ambao hakuna hata mmoja wetu aliyesomea kompyuta, tuliwaandikia katika kundi la WhatsApp: msiogope, ni tovuti yetu, bonyezeni mahali pa kuendelea.

Kilichotokea ni kwamba cheti cha usalama cha tovuti kilikuwa kimeisha muda. Sisi tulidhani kwamba tukilipia jina la tovuti kila mwaka, yote yamelipiwa. Kumbe cheti ni kitu kingine. Chetu hutolewa bure na Let's Encrypt, shirika lisilotafuta faida, nacho hudumu siku 90 tu. Katibu wetu wa zamani alikuwa akikifanya upya kwa mkono wake, kimya kimya, kila inapokaribia miezi 3. Hatukuwahi kumwuliza habari za kazi hiyo, wala kumshukuru. Alipohamia Kinshasa, hakuna aliyeirithi.

Tulinung'unika: kwa nini karatasi ya usalama iishe muda upesi hivyo? Jibu tulikuwa nalo sakristiani. Anayetaka kufunga ndoa huombwa cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, kwa desturi kisichozidi miezi 6. Ubatizo wenyewe hauishi. Lakini katika kitabu cha wabatizwa huandikwa pia kipaimara, ndoa na upadrisho, na karatasi ya zamani haiwezi kusema yaliyoandikwa baadaye. Vivyo hivyo jina la tovuti linaweza kupata mwenyewe mwingine, na ufunguo wake wa siri unaweza kuibwa. Basi ushuhuda lazima utafutwe tena.

Tulimpigia simu katibu huyo, naye alitufundisha kwa uvumilivu. Mtoa cheti hukupa neno refu lisilo na maana, nawe unaliweka katika kumbukumbu za jina lako, pale jina lilipoandikishwa. Yeye huenda kulisoma mwenyewe. Akilikuta, amejua kwamba jina hilo kweli liko mikononi mwako, na hukupa cheti kipya cha kuweka kwenye tovuti. Kazi hiyo haikumaliza hata saa moja. Kutafuta nywila ndiko kulikokula siku zote zile. Hatimaye tuliomba kampuni inayotuhifadhia tovuti iifanye kazi hiyo ijiendeshe yenyewe, na ilikuwa heri, kwa maana wenye kupanga kanuni za vyeti hivi waliamua mwaka 2025 kwamba kuanzia Machi 2029 hakuna cheti cha namna hii kitakachozidi siku 47.

Tulifikiri mambo yamekwisha. Mwezi uliofuata, dada mmoja wa kikundi chenu alipoteza pesa zake za masomo katika ukurasa ulioahidi msaada wa kwenda chuoni. Simu yake ilikuwa imemwonya kwa ukurasa mwekundu. Tulipomwuliza kwa nini alipita, alijibu bila hasira: «Nilizani ni kama lile lenu.»

Isaka naye alishuku. Alisikia sauti ya Yakobo, akapapasa mikono yenye manyoya, kisha akaendelea kubariki. Lakini Isaka hakuwa na mtu wa kumwambia apite tu. Dada huyo alikuwa nasi.

Kwa hiyo tunalifuta neno letu. Onyo likitokea, rudini nyuma, hata kama tovuti ni yetu, kisha mtuambie. Likitokea kwenye kila tovuti, tazameni kwanza tarehe ya simu; simu yenye tarehe ya uongo huona vyeti vizima kuwa vimekufa. Wala msiitegemee kufuli kupita kiasi. Kufuli husema kwamba maneno yenu yanasafiri yakiwa yamefungwa, na kwamba mnaongea na mwenye jina lile. Haisemi kama mwenye jina ni mwaminifu. Mwizi naye hupata cheti cha jina lake, bure vilevile. Basi lisomeni jina, herufi kwa herufi, hasa panapotajwa pesa.

Sasa watu wawili wanashika nywila, na barua za tahadhari zinawafikia wote wawili. Katibu wa zamani tumemwandikia shukrani, kwa kuchelewa. Kuhusu pesa za dada yetu, mfuko wa chama umelipa nusu. Nusu ya pili tutaiomba kwa wanakamati wenyewe katika mkutano ujao, tukianza na sisi tulioandika ujumbe ule.